Kunyoosha Nywele za Asili kwa Moto Bila Kuziunguza

Swali linaloulizwa kuliko yote kuhusu pasi ya nywele ni la namba: niweke nyuzijoto ngapi? Mmoja anajibu 150, mwingine 180, wa tatu anaapa kwamba nywele zake hazisikii chochote chini ya 230. Wote watatu wanaweza kukuonyesha kichwa kilichonyooka vizuri, na wote watatu wanaweza kukuonyesha kichwa kilichoungua. Namba ina maana yake, na tutaifikia, ila haijitoshelezi. Moto ule ule unaopita salama kwenye nywele kavu na safi unaweza kuziharibu nywele zenye unyevu kwa kupitisha pasi mara moja tu. Kabla ya kugusa kitufe cha moto, ni vizuri ujue unachokwenda kukifungua ndani ya unywele na unachotakiwa kukiacha kimefungwa.

(Nyuzijoto zote humu ni za Selsiasi. Kama pasi yako inaandika 450, inasoma Farenhaiti, na hiyo ni takriban 230.)

Kinachofunguka na kinachovunjika

Unywele karibu wote ni protini iitwayo keratini, ile ile inayojenga kucha. Kwa nje umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, yakielekea kwenye ncha. Ndani ya magamba hayo kuna nyuzinyuzi ndefu za keratini zilizojisokota, na hizo ndizo zinazobeba nguvu ya unywele. Nyuzinyuzi zimeshikana kwa vifungo vya namna kadhaa, lakini vinavyotuhusu ni viwili.

Kuna vifungo vya haidrojeni. Kimoja kimoja ni dhaifu, ila ni vingi mno. Maji yanavifungua, joto linavifungua, kisha nywele zikikauka au kupoa vinajifunga upya katika umbo lolote vitakalozikuta nalo. Ndiyo maana ukilala na nywele zilizosukwa zikiwa na maji unaamka zina mawimbi, na ndiyo maana nywele zilizopigwa pasi hurudi kujikunja ukinyeshewa.

Halafu kuna vifungo vya salfa. Hivi ni imara, na mchango wake katika kushikilia mkunjo wa kuzaliwa ni mkubwa. Maji hayavifanyi kitu. Dawa ya kulainisha nywele huvivunja kwa alkali kali kama sodiamu haidroksaidi, na ndiyo sababu nywele zilizowekwa dawa hazirudi tena. Anayetaka mkunjo wake inabidi asubiri nywele mpya ziote.

Kunyoosha kwa moto bila madhara, basi, ni kufungua vile vya kwanza bila kuvigusa vile vya pili na bila kuiunguza keratini yenyewe. Na hapa ndipo penye siri ya kazi nzima: vifungo vya haidrojeni havihitaji nyuzijoto 230. Vinafunguka kwa maji ya bomba. Kadiri unavyowaachia maji, mvuto wa mkono na draya kazi ya kunyoosha, ndivyo pasi inavyobakiwa na kazi ndogo ya kumalizia.

Umbo la unywele nalo lina neno. Ukikata unywele wa kipilipili na kuutazama mkato wake kwa hadubini, huoni duara. Unaona umbo bapa, kama yai lililobanwa. Unywele huo unajisokota na kujipinda kila baada ya milimita chache, na kwenye kila kona magamba huachama kidogo. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayashuki kirahisi kwenye njia yenye kona nyingi namna hiyo, hivyo ncha hukauka hata kwa mtu ambaye ngozi yake ya kichwa ina mafuta tele. Kwa hiyo nywele zinazoonekana nene na kaidi kuliko zote ndizo zinazokatika kwa nguvu ndogo kuliko zote, na ndizo zinazopelekewa moto mkali kuliko zote.

Mtu akilalamika kwamba pasi imemharibia nywele, kwanza muulize anaona nini. Kama ni vipande vifupi mabegani na kwenye sinki, mkosaji mara nyingi ni kitana: nywele zilichanwa zikiwa kavu, kwa haraka, kuanzia kwenye mizizi, na pasi ikabeba lawama kwa kuwa ndiyo iliyoshikwa mwisho. Kama ameosha nywele na baadhi, hasa za mbele na kwenye ncha, zimebaki zimelala huku nyingine zote zimejikunja, hapo ni moto, hakuna mwingine wa kumsingizia. Keratini imeshabadilika. Hakuna kondishena, stimu wala mafuta yatakayourudisha mkunjo huo. Bidhaa zenye protini zinaweza kuziba mianya kwenye magamba na kuzipa nywele nguvu kidogo mpaka uoshe mara kadhaa, hilo ni kweli. Zaidi ya hapo ni maneno ya kwenye kopo.

Maji na chuma cha moto havikai pamoja

Unywele uliolowa kabisa unaweza kubeba maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake. Hata unaouona mkavu una maji kiasi, kutegemea na hewa ya siku hiyo. Maji hayo ndiyo yanayoifanya keratini iwe laini na itii. Ukiwa na draya hiyo ni neema. Ukiwa na pasi ni hatari, kwa sababu keratini kavu huvumilia mpaka kupita nyuzijoto 200 kabla ya muundo wake wa ndani kuanza kuporomoka, lakini ikiwa imeloa huporomoka kwenye joto la chini zaidi, karibu 150.

Kuna na balaa lingine la wazi zaidi. Maji yaliyonaswa ndani ya unywele, yakibanwa ghafla na chuma cha moto, hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji, na hauna pa kutokea, basi unafura na kuacha viputo ndani ya unywele. Chini ya hadubini unywele wa namna hiyo unaonekana una matundu matundu, na mahali penye kiputo ndipo unapokatikia. Madaktari wa ngozi wanaijua hali hii tangu miaka ya 1980, na kwa nywele zenye unyevu inaweza kutokea kwenye nyuzijoto 125 tu, yaani chini ya namba ambayo wengi wanaiona ya upole.

Kwa hiyo yule anayepunguza moto kwa hofu halafu anapiga pasi nywele ambazo mizizi yake bado ina unyevunyevu, anajikinga upande mmoja na kujianika upande mwingine.

Sauti itakuambia. Pasi inapopita kwenye nywele kavu haisemi kitu. Ukisikia mlio wa kukaangika, ondoa pasi, zima, rudi kwenye draya. Mvuke mwembamba usio na mlio unaweza kuwa ni kinga ya moto (ile inayopakwa kwenye nywele kabla ya kuzipasha joto) inayopeperuka, huo usikutishe sana. Harufu ya nywele kuungua ndiyo taarifa ya kuchelewa: ni salfa inayotoka kwenye keratini iliyokwisha kuharibika.

Kabla ya pasi

Anza na nywele safi, na namaanisha safi kweli, zilizooshwa kwa shampuu inayoondoa mabaki ya jeli, mafuta na losheni za wiki nzima. Si suala la urembo. Mabaki hayo yakipata joto yanaganda na kunata, pasi inasita katikati ya safari, na pale inaposita ndipo inapounguza. Wapo wanaopaka mafuta ya nazi kabla ya kuosha, na wana hoja: mafuta hayo huingia ndani ya unywele na hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Lakini yakishafanya kazi yake yaoshwe yatoke.

Kisha kondishena, iache kichwani dakika 15 hadi 30. Hapo hapo, nywele zikiwa bado na kondishena na maji, ndipo pa kuzifumua: kwa vidole kwanza, halafu kitana cha meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda kidogo kidogo kuelekea kwenye mizizi. Hili ndilo linalookoa nywele nyingi kuliko mjadala wote wa nyuzijoto.

Baada ya kusuuza, bana maji kwa taulo au fulana ya pamba bila kusugua, gawa kichwa mafungu manne au zaidi, paka kinga ya moto, na uache nywele zipungue maji zenyewe zikiwa zimesokotwa au zimefungwa mabutu. Zikibaki na unyevu wa wastani, ingiza draya.

Draya ina jina baya kuliko inavyostahili. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti kutoka Korea Kusini uliolinganisha nywele zilizokaushwa kwa draya na zilizoachwa zikauke zenyewe. Draya ikiwa umbali wa sentimita 15, joto kwenye nywele lilikuwa kama nyuzijoto 47. Ikisogezwa hadi sentimita 5, lilifika 95. Kama unavyotarajia, magamba ya nje yaliharibika zaidi kadiri joto lilivyopanda. Lisilotarajiwa ni kwamba zile zilizokauka zenyewe, ambazo zilikaa na maji muda mrefu, ndizo zilizoonyesha madhara kwenye gundi ya ndani inayoshikanisha seli za unywele. Nywele zilizopimwa hazikuwa za kipilipili, kwa hiyo usichukue matokeo hayo kama sheria. Lakini somo la umbali linakubalika kokote: sentimita 15 na mkono usiosimama.

Unapokausha, vuta. Shika fungu kwa ncha, linyooshe kwa mkono mmoja bila kulikamua, puliza kuanzia kwenye mizizi kushuka, ili magamba yalale kuelekea yalikoelekezwa. Mvuto wa kiasi pamoja na joto la wastani, maji yakiwa yanaondoka, ndivyo vinavyofungua na kufunga upya vifungo vya haidrojeni katika umbo lililonyooka. Nywele zikitoka kwenye draya zimeshalainika na kurefuka, kazi imebaki robo.

Hapa natofautiana na wanaoshauri kuacha nywele zikauke zenyewe zikiwa zimejikunja, kisha kwenda moja kwa moja kwenye pasi ili kupunguza moto. Kwa nywele za mawimbi inawezekana. Kwa kipilipili unailazimisha pasi ifanye kila kitu, na itakudai ama namba kubwa ama kuipitisha mara tano.

Kujua kama zimekauka, usitegemee macho. Gusa fungu kwa mgongo wa mkono, karibu na mizizi, baada ya draya kuzimwa dakika moja au mbili. Likihisi baridi kidogo kuliko hewa ya chumbani, bado kuna maji yanayovukiza. Nyuma ya masikio na kisogoni ndiko yanakojificha.

Tuje kwenye namba

Nywele nyembamba, zilizopakwa rangi, zilizopaushwa au zilizowahi kuungua: 150 au chini yake. Nywele za unene wa kati zisizo na rangi: 150 hadi 180. Nywele nene zenye mkunjo wa kubana, zenye afya: 180, na pasi ikikataa kabisa, nenda hadi 190 au 200. Juu ya hapo sioni sababu. Kama nyuzijoto 200 hazinyooshi, tatizo liko kwenye uoshaji, kwenye draya au kwenye unene wa fungu.

Kichwa kimoja pia si nywele za aina moja. Za pembezoni mwa uso na kwenye mashavu ni nyembamba kuliko za kisogoni. Zishushie moto, au zipige mwisho wakati pasi imeshaanza kupoa.

Namba iliyoandikwa kwenye pasi, tena, ni ahadi tu. Pasi ya bei rahisi inaweza kuandika 180 huku sehemu moja ya bamba ikiwa na joto zaidi ya nyingine. Bamba la kauri husambaza joto kwa usawa na linafaa watu wengi. Titani hupata joto haraka na hulirudisha haraka, ndiyo maana wasusi wanaopiga vichwa vingi wanaipenda, na ndiyo maana mkono usio na uzoefu unaunguza nayo. Bamba lililopakwa kauri juu ya chuma likianza kuchubuka, litupe: pale palipochubuka hunasa nywele na joto lake halilingani. Pasi isiyo na kipimo, yenye swichi ya kuwasha na kuzima pekee, isikaribie nywele za asili.

Ni afadhali kupitisha pasi mara moja, taratibu, kwenye joto linalotosha, kuliko mara tano kwenye joto lisilotosha. Kila unapopitisha unaongeza muda wa moto na msuguano juu ya magamba yale yale. Mbili ziwe ndio mwisho.

Kuna jaribio ambalo ningependa kila mtu alifanye kabla ya kuupeleka moto kichwa kizima, na hakuna anayelifanya kwa sababu linahitaji subira. Chukua kishungi kimoja kidogo kisogoni, mahali pasipoonekana. Kipige pasi kwenye joto la chini unalodhani linatosha. Kisha kiloweshe kwa maji na subiri. Kikijikunja kama jirani zake, namba hiyo ni salama kwako leo. Kikirudi nusu, umeshavuka mpaka, na umepoteza kishungi kimoja badala ya kichwa.

Mkono

Fungu liwe jembamba kuliko upana wa bamba, na lepesi kiasi kwamba ukiliinua mbele ya taa unaona mwanga ukipenya. Fungu nene linanyooka nje na kubaki na mkunjo katikati, nawe unarudia, na zile za nje zinaungua wakati unazitafuta za ndani.

Tanguliza kitana. Kitana cha meno yaliyokaribiana kinashika fungu kwenye mizizi, pasi inafuata nyuma yake sentimita moja au mbili, vyote vinashuka pamoja kwa mwendo mmoja hadi kwenye ncha. Kitana kinazipanga nywele zisilaliane na kuzivuta kidogo, kwa hiyo bamba linakutana na kila unywele badala ya kukutana na rundo. Usibane kwa nguvu. Bamba likibanwa linavuta, na kinachovutwa huku kimepashwa moto kinarefuka mpaka kinakatika. Usisimame njiani. Ukifika kwenye ncha, zipite haraka, nitaeleza sababu. Anzia sentimita moja kutoka kwenye ngozi ya kichwa, maana kovu la moto kichwani halioti nywele.

Ukimaliza fungu, liache lipoe kabla ya kulichezea. Vifungo vinajifunga nywele zinapopoa, na fungu lililokunjwa likiwa la moto litabaki na alama ya mkunjo huo, nawe utashawishika kulirudia.

Kitana cha moto, kile cha shaba au chuma kinachowekwa juu ya jiko, kinahitaji maneno yake. Vyuma vya kupashwa moto kwa ajili ya nywele vilienea Ufaransa katika miaka ya 1870 kupitia msusi Marcel Grateau, aliyekuwa akitengeneza mawimbi kwa koleo la moto. Nchini Marekani sifa ya kukibuni kitana cha moto hupewa Madam C. J. Walker, mfanyabiashara aliyefariki 1919, lakini vitana hivyo vilikuwepo kabla yake. Yeye alichangia kuvieneza. Ubora wake ni kwamba kinafika karibu sana na mizizi. Ubaya wake ni kwamba hakina kipimo: kinatoka jikoni na joto usilolijua na kinapoa kadiri unavyokitumia, hivyo fungu la kwanza linapata moto mwingi kuliko la mwisho. Anayekitumia akijaribu kwanza kwenye karatasi nyeupe ya tishu. Kikiacha alama ya kahawia, bado kina moto mno, kisubiri kipoe kabla ya kugusa nywele. Vipo siku hizi vya umeme vyenye kipimo, na mwenye uwezo wa kuchagua achague hivyo.

Kitana hiki kiliwahi kusingiziwa pia. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani walieleza ugonjwa wa kupoteza nywele kabisa kuanzia utosini kwa wanawake weusi, wakaupa jina la kitana cha moto, wakidhani mafuta yaliyopashwa joto hutiririka hadi kwenye mizizi na kuiua. Baadaye ikaonekana kwamba wagonjwa wengi hawakuwa watumiaji wa kitana, jina likabadilishwa, na mwaka 2019 utafiti uliwakuta baadhi ya wagonjwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3. Hii haikisafishi kitana. Mafuta ya moto bado yanaunguza ngozi. Ila mtu anayepukutika nywele utosini, na ngozi ya hapo inawasha, inauma au inang'aa, asiridhike kwa kuacha pasi tu. Amwone daktari wa ngozi mapema, kwa kuwa shina lililokufa halifufuki.

Kinga ya moto inakinga nini

Inachelewesha. Hilo ndilo jibu fupi. Silikoni kama dimethikoni na baadhi ya polima hutengeneza utando mwembamba juu ya unywele, joto likaingia polepole na kusambaa vizuri zaidi, na pasi ikateleza badala ya kukwaruza. Hakuna kinga inayozuia moto usiingie. Ingezuia, nywele zisingenyooka. Kwa hiyo chupa inayotangaza kinga hadi nyuzijoto 230 haikupi ruhusa ya kwenda 230.

Kosa moja linajirudia sana: mtu amekausha nywele vizuri kwa draya, halafu kabla tu ya pasi ananyunyiza kinga ambayo sehemu kubwa ni maji. Amerudisha maji aliyohangaika kuyatoa. Kinga ya maji ipakwe kabla ya draya. Kabla ya pasi, kama unaona haja, tumia isiyo na maji, tone au mawili yaliyosambazwa kwenye viganja.

Mafuta ya kawaida si mbadala wa kweli. Kidogo sana yanasaidia pasi kuteleza. Yakizidi yanafuka moshi, yanazilaza nywele na kuacha gundi kwenye bamba. Ukiona moshi, umezidisha mafuta au moto, au vyote.

Mara ngapi

Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi chini kidogo ya hapo. Piga hesabu: kwenye nywele za sentimita 30, ncha zina umri wa karibu miaka mitatu. Mizizi inapigwa pasi kwa mara ya kwanza leo, ncha zimepigwa kila mara ulipopiga katika miaka yote hiyo. Magamba hayajirekebishi, kwa sababu unywele uliotoka nje ya ngozi hauna uhai wa kujitibu. Ndiyo maana nimesema ncha zipitwe haraka.

Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani kinashauri watu weusi wanaonyoosha kwa moto wasizidishe mara moja kwa wiki. Kwangu hicho ni kikomo cha juu, mtu asikifanye ratiba. Anayetaka kuuhifadhi mkunjo wake kwa miaka afikirie mara moja kwa mwezi, au mara chache kwa mwaka, na katikati atumie njia zisizo za moto: rola, mabutu, kuzungushia uzi. Hazitoi ule mnyooko wa kung'aa, lakini zinarefusha nywele bila kulipia chochote.

Kinachoharibu zaidi ya siku yenyewe ya pasi ni zile asubuhi zinazofuata. Nywele zimejikunja kidogo kwa jasho, mtu anapitisha pasi mbele haraka haraka, juu ya jasho, chumvi na mafuta ya jana. Kesho tena. Nywele za mbele, ambazo ni nyembamba kuliko zote, zinajikuta zimepigwa mara nyingi kuliko kichwa kizima. Zuia hilo usiku: zungusha nywele kichwani, funga kitambaa cha satini au hariri, na unapooga vaa kofia isiyopitisha maji. Zikirudi, zimerudi, bana, suka, endelea na maisha.

Wapo wanaoshauri kuzizoesha nywele moto, yaani kupiga pasi mara kwa mara mpaka mkunjo ulegee na nywele ziwe rahisi kuchana. Inafanya kazi, na inafanya kazi kwa kuunguza kidogo kidogo. Mtu mzima anaweza kuchagua hivyo akijua anachokichagua. Asiambiwe tu kwamba nywele zimejifunza kitu.

Na zile huduma zinazouzwa kwa jina la keratini, ambazo husuguliwa kwenye nywele kisha kufungwa kwa pasi ya nyuzijoto zinazokaribia 230, ni kitu kingine kabisa. Nyingi hutoa fomaldihaidi zikipashwa moto, gesi inayojulikana kusababisha saratani, na anayeivuta kwa wingi zaidi ni msusi, siku baada ya siku. Macho yakianza kuwasha kwenye chumba hicho, toka nje.

Kwa aliyekwisha kuungua, kazi iliyobaki ni ya mkasi, ila si lazima zikatwe zote leo. Pale mkunjo wa asili unapokutana na sehemu iliyolala ndipo unywele unapokatika wenyewe, kwa hiyo hapo pasivutwe: fumua zikiwa na kondishena, suka au sokota mitindo inayoficha tofauti, punguza ncha sentimita moja au mbili kila baada ya miezi miwili mitatu, na pasi ikae kabatini mpaka sehemu iliyoungua iishe kukatwa.